Biharusi Hapimwi kwa Pilipili



Siku hizi simu zetu zimejaa video za watu wanaoshindana kula pilipili kali kuliko zote duniani. Wanalia, kamasi zinawatoka, wanakimbilia maji, na watazamaji wanacheka. Mchezo huo sasa umeingia hadi jikoni kwetu. Huku Musoma, Bunda na Butiama, sisi tunaoshona nguo za harusi tunakaa na maharusi saa nyingi, na wanatusimulia mengi. Mmoja anaambiwa na mawifi kwamba mke wa nyumba ile lazima aweze pilipili. Mwingine kapika vizuri, lakini mboga ikarudishwa jikoni kwa sababu "haina ukali".

Sisi tunasema wazi: ukali wa pilipili si kipimo cha mwanamke. Na kwenye sinia la harusi, mahali pa pilipili ni pembeni.

Kwanza tujue watu wanashindania nini. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alitoa ukali wa pilipili kwa spiriti, akauchanganya na maji ya sukari, akaendelea kuzimua mpaka waonjaji wake wasihisi tena kuwashwa. Mara alizozimua ndizo zikawa namba ya ukali. Leo mashine za maabara zinapima kapsaisini, kemikali inayowasha, lakini kipimo bado kinaitwa kwa jina lake.

Namba hizo ni kubwa mno, basi tuzihesabu kwa ndoo zetu za lita 20. Chukua kijiko kimoja cha chai cha ukali uliokamuliwa, kisha uliza: zitahitajika ndoo ngapi za maji ili usihisi kitu? Kwa makadirio:

Hoho ni sifuri, haihitaji hata ndoo moja. Hapa tuelewane: hoho ya huku bara ni ile kubwa isiyowasha, ambayo nyie wa visiwani mnaiita pilipili boga. Biharusi wa Unguja aliyeolewa huku akiambiwa atie hoho mbili, aulize kwanza ni ipi!

Pilipili kichaa ina kama 50,000 hadi 100,000, yaani ndoo 12 hadi 25. Pilipili mbuzi, ndugu wa habanero, inaanzia 100,000 na kufika 350,000, karibu ndoo 90.

Bhut jolokia ya Assam, India, iliyoingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2007, imepita milioni 1. Hizo ni ndoo 250. Carolina Reaper ya mkulima wa Marekani, Ed Currie, ilichukua rekodi mwaka 2013, na baadaye ikapimwa 1,641,183. Ni kama ndoo 410. Mwaka 2023 mkulima huyohuyo akaivunja rekodi yake kwa Pepper X yenye 2,693,000. Hapo utajaza ndoo zaidi ya 670! Ina maana imeizidi hata mbuzi iliyo kali kabisa zaidi ya mara saba.

Sasa jiulize, dada: hiyo ni ya kulia ugali?

Kapsaisini hushika mishipa ileile ya fahamu inayotambua moto, ndiyo maana mwili unaamini unaungua. Maumivu ni ya kweli. Septemba 2023, huko Massachusetts, Marekani, mvulana wa miaka 14 alifariki baada ya kula kipande kimoja cha chipsi za mashindano kilichotengenezwa kwa Carolina Reaper. Wachunguzi walisema moyo wake ulisimama baada ya kula kapsaisini nyingi, na pia alikuwa na moyo uliotanuka. Kampuni ikaziondoa chipsi hizo madukani. Juni 2024 serikali ya Denmark nayo iliamuru baadhi ya tambi kali za Korea ziondolewe madukani kwa ajili ya ukali huohuo.

Wapo watakaosema, "Sisi tumezoea, pilau bila pilipili halipandi." Sawa, hatuwakatazi. Pilipili inachangamsha sato wa kuchemsha, na dagaa bila pilipili kidogo wanapooza. Lakini harusini wamo wazee, watoto, wajawazito na wenye vidonda vya tumbo. Methali inauliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Ikishamwagwa kwenye kachumbari yote, inamuwasha hata asiyeitaka. Ikiwekwa kwenye kibakuli chake, kila mtu atachota anachokiweza, na hakuna atakayelala njaa kwenye shughuli ya watu.

Na nyie mama zetu wakwe, tunawaomba kwa heshima. Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa akikitia ila chakula, akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Vipi sisi tumdhalilishe mtoto wa watu mbele ya wageni kwa sababu ya mbegu mbili za pilipili?

Kwa biharusi anayeanza jiko la ukweni, shika haya. Ukali mwingi uko kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, hivyo ukiutoa, pilipili inapoa. Ukiwashwa mdomoni, kunywa maziwa au mtindi. Maji hayaondoi, kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ukimaliza kukata pilipili, jipake mafuta ya kula mikononi kisha osha kwa sabuni, kabla hujagusa wanja wala kumbeba mtoto. Na ukiulizwa kwa nini mboga yako haiwashi, jibu kwa upole: "Pilipili ipo pembeni, mama, nikuletee?"

Sisi wa cherehani tunajua jambo moja: gauni hukatwa kwa mwili wa atakayelivaa. Hatuulizi nani mnene kuliko wote duniani. Chakula nacho kipikwe kwa ajili ya wale walioketi mkekani.

Allah azitie baraka ndoa zetu na riziki zetu. Amin.