Mizinga yaboreshwa, makombora yangali tisho malishoni

KUBORESHWA kwa mizinga ya kijeshi hakujaondoa hatari inayowakabili wafugaji kaskazini mwa Meru.

Barabara itumiwayo na wafanyabiashara wa Embu na Meru kupitia Isiolo hufika Archers Post, Samburu, ambako wanajeshi wa Kenya na Uingereza wamefanya mazoezi kwa miaka mingi.

Mzinga mwepesi wa milimita 105 uliobuniwa Uingereza, ambao Kenya pia iliununua, hukokotwa kwa gari na hurusha kombora takriban kilomita 17. Uingereza iliuongezea mtambo wa kielektroniki wa kulenga shabaha. Marekani nayo ilichukua toleo lake linalotumia makombora ya Kimarekani, likaitwa M119.

Mabadiliko hayo humfaa mpigaji. Hayamkingi mtoto anayechunga mbuzi na kuokota kombora ambalo halikulipuka.

Mwaka 2002, Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 wa Dol Dol na Archers Post waliodhuriwa na silaha mbalimbali zilizoachwa nyikani.

Bunge la Kenya liliidhinisha mkataba mpya wa ulinzi na Uingereza mwaka 2023. Kwa wakazi, kipimo chake ni kimoja: je, malisho yatasafishwa kila baada ya mazoezi?