Kombe la Pili Lina Siri Yake

Hapa stendi ya Same hukauka maji ya bomba, ubishi wa mpira haukauki. Safari hii kijana mmoja toka milimani alinitolea uvivu: "Kaka, hili Kombe la Shirikisho la nini? Si wanachukua walewale tu!"

Haya, tuhesabu. Kombe hilo la TFF lilifufuliwa msimu wa 2015/16. Katika fainali 10, hadi 2025, Yanga kachukua 5 (2016, kisha 2022 hadi 2025 mfululizo), Simba 3 (2017, 2020 na 2021), Azam 1 (2019). Wote wa Dar! Anabaki Mtibwa Sugar, wana wa mashamba ya miwa ya Turiani, waliomfunga Singida United 3-2 pale Arusha mwaka 2018. Mmoja kati ya kumi. Kijana ana haki ya kununa.

Lakini jamani, someni na waliofungwa! Mbao ya Mwanza iliisumbua Simba hadi dakika za nyongeza Dodoma, 2017. Jirani zetu Coastal Union wa Tanga walitoka 3-3 na Yanga mwaka 2022, wakafa kwa matuta. Namungo ya Ruangwa ilifungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga, 2020. Kwa kuwa Simba alikuwa bingwa wa ligi pia, nafasi ya Afrika ikamwangukia Namungo, akafika hadi makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Umefungwa, na ndege unapanda!

Siri ni hii: ligi inataka pesa ya msimu mzima, kombe ni mtoano, siku moja tu. Desemba 2017 Green Warriors, timu ya Daraja la Pili, ilimtoa Simba, bingwa mtetezi, kwa matuta. Tajiri akarudi nyumbani kimyaa.

Fainali imeshachezwa Arusha, ikachezwa Tanga, sisi tuko katikati ya barabara tunahesabu mabasi ya mashabiki. Watani wanatucheka eti Mpare huuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Sawa! Ubishi huo vijana tuutoe stendi, tuupeleke uwanjani, tuanzie ligi ya wilaya. Anayengoja walewale wachoke atazeeka na kahawa mkononi.

Tukutane wiki ijayo.