Froome ni wa nani? Mimi nipo upande wa mwalimu wake

Wadau, kila Tour de France ikikaribia ubishi hauishi hapa chuoni: eti Chris Froome ni Mkenya au Mwingereza? Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Sisi tunaosomea ualimu tuulize nani alimfundisha.

Kwa wasiomjua: huyu bwana kazaliwa Nairobi mwaka 1985, wazazi wana asili ya Uingereza. Alipokuwa na miaka kama 12 hivi, mama yake akampeleka kwa David Kinjah, mwendesha baiskeli wa Kenya mwenye rasta ndefu, anayeishi kijijini huko Kikuyu. Dogo akawa anashinda huko, analala huko huko, anapanda milima na vijana wa Kinjah, wale Safari Simbaz. Mwaka 2006 akaiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Mwaka huo huo akaenda mashindano ya dunia Salzburg, na hapa ndipo patamu: alijiandikisha mwenyewe kwa kutumia barua pepe ya chama cha baiskeli cha Kenya! Kufika kule, kaanza tu mbio, puu, kamgonga ofisa wa mashindano (nacheka kila nikikumbuka). Mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza. Yaliyofuata mnayajua: Tour nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, Vuelta mbili, na Giro ya 2018.

Sasa watu wanapenda kusema "ukijituma utafika". Hapo mimi nakataa. Kinjah alikuwa na vijana wengi, milima ile ile, ugali ule ule. Aliyefika Paris na jezi ya njano ni yule ambaye familia iliweza kumpeleka kusoma Afrika Kusini, na akawa na haki ya pasipoti ya Uingereza. Simpunguzii kitu, kushinda Mont Ventoux 2013 sio mchezo. Ila tusiwadanganye wanafunzi wetu.

Mtazameni Biniam Girmay wa Eritrea. Mwaka 2022 kashinda Gent-Wevelgem, na 2024 akachukua hatua tatu za Tour de France pamoja na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Lakini kule Waitaliano waliacha baiskeli, wenyewe wakaufanya mchezo wa taifa, mtoto wa Asmara anakua anaona mbio barabarani. Na kabla yake alishapita Daniel Teklehaimanot, aliyevaa jezi ya madoa ya wapanda milima mwaka 2015.

Njooni kwetu Matombo sasa. Dogo anafunga mikungu ya ndizi kwenye keria ya Phoenix, breki nusu nusu, anashuka Uluguru hiyo mpaka gulioni, halafu anaisukuma kupanda tena. Mapafu anayo jamani! Mtajie Froome, atakuuliza anachezea timu gani. Shuleni kipindi cha michezo ni mpira wa miguu na netiboli, baiskeli ni ya kumfikisha shule tu.

Pendekezo langu ni dogo. Wenzangu mtakaopangiwa shule za vijijini, wapimeni hawa madogo. Kilomita kumi za barabara ya vumbi, saa ya simu yako, majina kwenye daftari, kisha daftari lifike CHABATA. Halihitaji bumu hilo. Na mashindano ya dunia yamekuja mpaka Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika, yaani pale unafika kwa basi.

Mzazi atasema ni hatari, na ana haki. Agosti 2022 Mkenya Suleiman Kangangi alifariki baada ya kuanguka mbioni kule Vermont, Marekani. Kwa hiyo breki kwanza, kofia ngumu kwanza, mbio baadaye. Mimi nikimaliza chuo naanzia Matombo, na mwenye kofia kuukuu asiitupe, anipe mimi.