Deni ni letu, barabara iko wapi?

Ndugu zetu, dada zetu, vijana wa Mubambiro, Sake, Goma na Minova,

Kila wakati mkubwa fulani anatoka Kinshasa, tunasikia wimbo ule ule: pesa ya barabara imepatikana. Benki imekubali, nchi rafiki imekopesha, picha zimepigwa. Sisi tunaopita Mubambiro na moto, na Fuso, na chukudu, ama kwa miguu tukikimbia na magodoro kichwani, tuko na ulizo moja tu: barabara gani?

Tuanze na hii yetu, RN2, ya Goma mpaka Bukavu. Lami inaishia Sake. Ukivuka hapo ni udongo, mawe na matope, na mvua ikinyesha Fuso moja ikikwama, wote nyuma yake wanalala njiani. Na bado ni kupitia hii njia ndiyo Goma inakula: maharagi, mihogo na ndizi za Kalehe na Minova. Kwa hiyo mwaka 2016, Benki ya Dunia ilipoongeza dola milioni 125 kwenye mradi wa Pro-Routes, na njia ya Bukavu-Goma ikawekwa ndani, watu walifurahi. Walikuwa na haki ya kufurahi.

Kilichofuata wengi wetu hawakuelezwa. Mwezi wa 8 mwaka 2017, raia wa kandokando ya barabara walipeleka mashitaka kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki yenyewe. Walisema wanawake na wasichana wametendewa ubaya wa kingono, vibarua wanateswa, mawe yamechimbwa bila malipo ya haki, na askari wenye bunduki wanalinda kazi na kutisha watu. Mwezi wa 11 Benki ikasimamisha malipo ya ujenzi. Kusimamisha ilikuwa haki, tunasema wazi. Wale raia walioshitaki walikuwa na roho kubwa kuliko wabunge wetu wengi. Lakini aliyebaki bila barabara ni nani? Mwenye kukopesha alirudi ofisini kwake, sisi tukabaki na mashimo.

Halafu kuna deni la madini. Tarehe 22 Aprili 2008 serikali ilitia saini mkataba wa Sicomines na makampuni ya China: wao wachukue shaba na kobalti ya Kolwezi, sisi tupate barabara, hospitali, vyuo. Kwanza walisema dola bilioni 6 za ujenzi. Mwaka 2009 zikawa bilioni 3, kwa sababu FMI haikutaka Congo ijitwike deni lingine wakati inaomba kufutiwa lile la zamani. Mwezi wa 2 mwaka 2023, wakaguzi wa fedha wa serikali yetu wenyewe, IGF, walihesabu kilichofika kwenye ujenzi: dola milioni 822. Kwa miaka 15! Mwezi wa 3 mwaka 2024 mkataba ukarudiliwa: sasa ni bilioni 7 za barabara, milioni 324 kila mwaka mpaka 2040. Lakini soma chini: bei ya shaba ikianguka sana, pesa ya barabara nayo inaanguka. Yaani barabara ya mtoto wa Masisi inategemea bei inayopangwa kwenye soko asilolijua. Mtoto aliyezaliwa Mubambiro mwaka ule wa 2008 atakuwa na miaka 32 wakati mkataba huu unaisha.

Na lile la zamani tusilisahau. Mwezi wa 7 mwaka 2010 Congo ilipunguziwa deni la dola bilioni 12.3. Sehemu kubwa ilikuwa pesa ya wakati wa Mobutu. Wazazi wetu walizeeka wakisikia nchi iko na deni, na hawakuonyeshwa kilichonunuliwa.

Wengine watatuambia: ni vita, si deni. Tusidanganyane, ni kweli vita ndiyo ilikata njia mwezi wa 2 mwaka 2024, mapigano yalipofika Shasha. Lakini ilikuta barabara ambayo tayari ni mgonjwa. Baada ya hapo chakula na watu vikapita ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua MV Merdi ilitoka Minova imejaa kupita kiasi, ikazama mbele ya Kituku, watu wa bandarini wakiangalia. Wamama wachuuzi walikuwa ndani, na wanafunzi. Hatusemi lami ingewaokoa wote. Tunasema mtu hapandi mashua iliyojaa hivyo kama ana njia ingine.

Tena tunalipa tayari! Tangu sheria ya mwaka 2008 kuna FONER, mfuko wa kutunza barabara. Kila litri ya essence unayotia kwenye moto yako, sehemu yake ni ya FONER, na juu yake kuna péage. Motari wa Sake analipa barabara kila asubuhi. Halafu wakubwa wanakwenda kukopa ili kutengeneza kile ambacho motari amekwisha kulipia.

Munasikia wanavyotuita: vijana wanaopinga maendeleo. Hapana. Tunaitaka barabara kuliko wao, maana wao wanapanda ndege. Tunachokataa ni kukopewa gizani.

Kwa hiyo serikali, kabla ya kutia saini mkopo mwingine kwa jina la Kivu, ibandike mkataba mahali tunaweza kuusoma, na kwa Kiswahili pia: ni zawadi ao ni deni, riba ngapi, kilometa ngapi, toka kijiji gani mpaka kijiji gani, na nani atalipa mpaka mwaka gani. Kampuni ilipwe kilometa kwa kilometa, kisha raia wa hapo washuhudie kazi imefanyika. Askari wasiwe walinzi wa mashimo ya mawe. Wanawake wawe na mahali pa kushitaki karibu, pasipohitaji barua mpaka Washington. Na FONER itangaze kila mwezi, Goma na Sake, imeingiza ngapi na imetia wapi.

Wabunge wetu, tunawaomba muulize waziri haya yote mbele ya Bunge. Jibu tunalitaka kwa maandishi.