Tusiwapime Wachezaji wa Zamani kwa Daftari la Leo

Muhula huu umezuka ubishi mkubwa katika shule yetu, nami naomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili niseme langu kabla rangi haijapakwa. Kamati ya Michezo imeazimia kuandika ukutani, katika chumba cha kuwekea mipira, majina ya wachezaji watano wa mpira wa kikapu waliokuwa bora kuliko wote tangu shule ilipoanza. Jambo lenyewe ni jema. Walakini njia iliyochaguliwa si njema, maana watano hao watapatikana kwa kujumlisha pointi zilizoandikwa katika daftari letu la michezo, na daftari hilo ni changa kuliko mimi, nami nina miaka 19.

Yafaa niseme mapema kwamba kwa hesabu hiyo jina langu ni la nne. Asije mtu akadhani nasema haya kwa kijicho.

Ubishi ulianzia bwenini. Mwenzetu mmoja wa Kasese mjini, aliyeshinda likizo nzima akitazama michezo ya Marekani katika simu ya kaka yake, alituambia kwamba wachezaji wa ligi ya NBA wa miaka ya 1960 hawangepata nafasi hata katika benchi la timu za leo. Alisema walidunda mpira kwa mkono mmoja kama watoto wanaofukuza kuku. Hapo vijana wa Bwera wakaja juu. Kwao ni karibu na mpaka wa Mpondwe, na ng’ambo tu ni Kasindi katika Kongo, basi ukitaja mpira wa kikapu wao hukujibu kwa jina moja tu, Mutombo, na kukutikisia kidole usoni kama alivyofanya yeye kila alipouzuia mpira. Tulibishana mpaka taa zikazimwa.

Tuanze na Wilt Chamberlain, kwa kuwa pande zote mbili humtaja. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, Pennsylvania, alitia pointi 100 katika mchezo mmoja dhidi ya timu ya New York. Msimu ule wastani wake ulikuwa pointi 50.4 kwa kila mchezo. Mwenzetu wa Kasese hujibu kwamba ligi ilikuwa na timu 9 tu, na leo ni 30, tena walinzi wa siku zile walikuwa wafupi. Ni kweli. Lakini wachezaji wengine wa msimu ule nao walikutana na timu zile zile 9 na walinzi wale wale wafupi, wala hakuna mwingine aliyefika wastani wa 50. Mtu huchezea siku zake. Hawezi kumpiga chenga mlinzi ambaye hajazaliwa.

Sasa njoo kwa Bill Russell wa Boston, mpinzani wake mkubwa. Chamberlain alikuwa na pointi, Russell alikuwa na vikombe: vikombe 11 katika misimu 13, toka 1956 hadi 1969. Kazi yake hasa haikuwa kutia mpira bali kuwazuia wengine wasitie, kwa kuupiga mpira hewani kabla haujafika kikapuni. Je, alizuia mitupo mingapi? Fungua vitabu vya ligi, utakuta nafasi tupu. Ligi ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa katika msimu wa 1973–74, na Russell alikuwa amekwisha kuacha kucheza miaka minne kabla yake.

Namwomba msomaji atue hapa kidogo. Rekodi ya kuzuia mitupo katika mchezo mmoja ni 17, nayo ni ya Elmore Smith, aliyeiweka Oktoba 1973. Yaani kalamu ilipowekwa tu mezani, katika mwezi wa kwanza wa kuhesabu, ikaandikwa hesabu ambayo miaka zaidi ya 50 haijaweza kuipita. Je, katika miaka yote ambayo kalamu haikuwapo, mambo gani yalitendeka? Wazee waliomwona Russell wanasema, lakini wazee hawajumlishwi.

Basi mimi nina kipimo changu, nacho sikukisikia kwa mtu. Badala ya kuuliza mchezaji alitia pointi ngapi, nauliza: je, ilibidi sheria ibadilishwe kwa ajili yake? Mwaka 1951 eneo la chini ya kikapu, ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukawia, lilipanuliwa toka futi 6 hadi futi 12 kwa sababu ya jitu mmoja wa Minneapolis aitwaye George Mikan. Mwaka 1964 likapanuliwa tena hadi futi 16, na safari hii sababu alikuwa Chamberlain. Wakubwa wa ligi hawakai mkutanoni kwa ajili ya mtu wa hivi hivi. Na kipimo hiki hakimwonei mtu kwa kuwa alizaliwa mapema.

Kwa upande wetu wa Afrika mambo yanaonekana wazi zaidi. Manute Bol, Mdinka wa Sudan mwenye urefu wa futi 7 na inchi 7, alizuia mitupo 397 katika msimu wake wa kwanza, 1985–86. Katika maisha yake yote ya ligi alizuia mitupo 2,086 na kutia pointi 1,599. Alizuia zaidi ya alivyotia! Kwa daftari la Kamati yetu, Manute Bol hangeandikwa hata katika ukuta wa jikoni.

Mutombo mwenyewe, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966 na kufariki tarehe 30 Septemba 2024, hakufikisha wastani wa pointi 10 kwa mchezo katika misimu yake 18. Lakini alichaguliwa mara nne kuwa mlinzi bora wa ligi, na mitupo aliyoizuia ni 3,289, akitanguliwa na Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake mwenye 3,830. Vijana wa Bwera wana haki ya kutikisa kidole. (Wangalikumbuka pia kwamba alijenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake, lakini hilo halitikiswi.)

Sasa nitazame upande wa pili, maana wa leo nao huonewa. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Watu hucheka mpaka leo. Sisemi Thabeet alikuwa Mutombo, maana wastani wake ulikuwa kama pointi 2 tu na mafunzo yake yalikuwa bado machanga. Lakini aliingia katika nyumba iliyokwisha kupangwa upya. Tangu msimu wa 2001–02 mlinzi haruhusiwi kusimama katika eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde 3 kama hana mtu anayemlinda. Tena mchezo ulikuwa ukihamia mbali. Mstari wa pointi tatu ulipoanza, msimu wa 1979–80, kila timu ilijaribu mitupo ya mbali isiyofika 3 kwa mchezo. Msimu wa 2023–24 ilikuwa kama 35. Thabeet aliajiriwa kulinda mlango wakati wezi walikuwa wameanza kupita dirishani.

Najua nitajibiwa kwamba wa leo wana nguvu zaidi, wanakula kwa hesabu, wana madaktari, na hutazama picha za wapinzani wao usiku kucha. Nakubali yote. Mchukue nyota wa leo umpeleke mwaka 1962, huenda akawashinda. Lakini mpeleke kwa haki: mvike viatu vya kitambaa vya siku zile, na kama ni mweusi mpe safari za siku zile. Oktoba 1961, huko Lexington, Kentucky, Russell na wenzake weusi walinyimwa chakula hotelini, nao wakakataa kucheza wakarudi kwao. Hilo nalo halimo katika safu ya pointi.

Hata katika riadha, ambako saa haidanganyi, Waganda hatupimani namna hii. Mwaka 1972 huko Munich, John Akii-Bua alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, naye akiwa katika njia ya kwanza, yenye kona kali kuliko zote. Akawa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48. Mwaka 2021 huko Tokyo, Karsten Warholm wa Norway alikimbia kwa 45.94, juu ya uwanja mpya na viatu vya ufundi mpya. Sijasikia Mganda akisema kwamba kwa hiyo Akii-Bua hakujua kukimbia.

Basi turudi katika ukuta wetu. Yuko mzee mmoja Bwera, mnunuzi wa kahawa, ambaye alisoma hapa zamani, uwanja ukiwa bado wa udongo na kikapu hakina wavu. Jina lake siliandiki kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Waliosoma naye wanasema wageni wakija kucheza walimwomba mwalimu, kabla ya kipenga, kwamba kijana yule asisimame chini ya kikapu, kwani mchezo haungekuwa mchezo. Katika daftari letu hana hata pointi moja, kwa kuwa daftari halikuwapo. Mimi nimetia pointi zangu juu ya saruji laini, kwa mpira uliojaa pumzi, na hakuna mgeni hata mmoja aliyepata kumwomba mwalimu chochote juu yangu.

Nilipomwendea mzee huyo siku ya soko nikamwamkia na kumweleza habari ya ukuta, alicheka akauliza, “Mwanangu, mmeniweka wa ngapi?” Sikuwa na jibu, nikauliza bei ya kahawa.

Kwa hiyo naiomba Kamati mambo mawili. Kwanza, ilifute jina langu, nami sitanung’unika, ingawa sitaki kusema uongo kwamba sikulitaka. Pili, ingoje mpaka mwisho wa muhula ndipo ipake rangi. Tuko wanane tuliokubaliana kwenda Jumamosi mbili, wanne Kasese na wanne Bwera, na daftari tupu, tukawaulize waliocheza zamani: nani alimzuia nani, mwaka gani, na nani aliyeona. Kila neno tutaliuliza kwa watu wawili wasiokaa pamoja. Mwenye picha ya timu ya zamani nyumbani kwao, hata kama imeliwa na mchwa pembeni, ailete kwa mhariri wa Kiswahili kabla ya mitihani, atarudishiwa.