Mgongo Unaouma Hautaki Kitanda

Hapa Kisangani mgongo una kazi nyingi. Mchukuzi hubeba magunia bandarini. Mvuvi wa Wagenia huinua vikapu vikubwa katikati ya maporomoko. Mama huvuka mto toka Lubunga na mzigo wake, na mtoto juu. Kijana wa toleka huendesha baisikeli mchana kutwa. Jioni wote husema neno moja: "Mgongo unaniuma."

Basi wengi hufanya nini? Hulala. Siku tatu, juma moja, majuma mawili. Jamaa huwaambia, "Usiinuke, utavunjika." Mimi nasema shauri hili si jema. Ili uone sababu yake, ujue kwanza jinsi mgongo ulivyojengwa.

Peleka mkono wako nyuma, upapase katikati ya mgongo. Utasikia mifupa midogo iliyopangwa kama shanga. Hizo ni pingili. Shingoni zipo 7, nyuma ya kifua 12, kiunoni 5. Jumla ni 24 zinazoweza kusogea. Zilizo chini yake zimeshikamana. Lakini pingili haziwezi kusimama zenyewe. Huzuiliwa na misuli.

Misuli ya mgongo ni ya namna mbili. Ile ya juu, iliyo karibu na ngozi, ni mipana, na kazi yake kubwa ni kuvuta mabega na mikono. Hiyo ndiyo tunayoiona kwa mpiga kasia tukasema, "Huyu ana mgongo wa nguvu." Chini yake imo misuli ya ndani. Mirefu imelala kandokando ya pingili, toka nyonga hata kichwani; nayo hutuinua tukiwa tumeinama. Ndani zaidi imo mifupi, inayounga pingili na zile zilizo karibu nayo. Mmoja wao waganga huuita multifidusi. Ni mnene zaidi kiunoni, mahali penye uzito mwingi. Gunia linapoinuliwa, msuli huu huzishika pingili zisiyumbe.

Sasa, mwaka 1996 wachunguzi wa Australia walitangaza habari ya kutuonya. Walipima msuli huo kwa watu walioumwa kiuno mara ya kwanza. Maumivu yalikwisha, lakini msuli uliopungua haukurudi wenyewe kama zamani. Waliofundishwa mazoezi ndio walioupata tena upesi. Na mwaka 1995 waganga wa Finland waliwagawa wafanyakazi wa mji wa Helsinki wenye maumivu ya mgongo mafungu matatu. Wengine walilala siku mbili, wengine walifanya mazoezi, wengine waliendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza. Hao wa mwisho walipona vizuri kuliko wote. Waliolala walichelewa kuliko wote.

Utaniuliza, "Je, nirudi kesho kubeba magunia?" Hapana. Uache mzigo mzito kwanza, lakini usiache kutembea. Zunguka nyumbani, nenda sokoni mikono mitupu, fanya kazi ndogo. Maumivu makali yakipungua, simama kwa magoti na mikono kama mtoto atambaaye. Nyosha mkono wa kuume na mguu wa kushoto, hesabu hata tano, kisha badilisha. Fanya hivi kila asubuhi. Utakaporudi kuinua mzigo, uweke karibu na tumbo, usiinue huku unajipinda.

Usimshitaki jirani kwamba amekuroga. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa kiuno. Wala usimalize fedha kwa dawa za figo zinazouzwa njiani kabla hujapimwa. Mara nyingi figo ni nzima.

Hapa nina neno kwa waume. Wengine husema, "Mama zetu walibeba kuni hata uzeeni, wala hawakulia." Nasema, hawakulia kwa kuwa hakuna aliyewauliza. Mke wako akiambiwa atembee, hiyo si ruhusa ya kumrudishia kuni, maji na mtoto pamoja. Mzigo mmoja mkubwa ufanyeni miwili, na mmoja uchukue wewe kwa baisikeli yako. Nyumba ambayo mume anaona haya kushika ndoo, shauri langu halitafaa kitu humo, maana mgongo wa mama utaumizwa tena kabla haujapona.

Lakini yako maumivu yasiyofaa kungojewa nyumbani. Njoo hospitali upesi ikiwa miguu imelegea au imekufa ganzi, ikiwa huwezi kukojoa au mkojo unatoka wenyewe, au ikiwa umeanguka. Njoo pia ukiwa na homa, ukikonda na kutoa jasho usiku, au ukiona kinundu kimetokea mgongoni. Kifua kikuu huweza kula pingili kama kinavyokula mapafu. Kikijulikana mapema, dawa zake zipo nazo huponya.

Wengine wote, inukeni. Misuli ile ya ndani hamwioni, lakini ndiyo inayowasimamisha, nayo hupata nguvu kwa kutumika. Mkunje mkeka asubuhi, mtoke nje, mtembee hata kwa jirani na kurudi. Kesho mwende mbali kidogo kuliko leo.