Jiwe la Helpston

Juu ya kaburi la John Clare, katika kijiji cha Helpston kilichoko kati ya Peterborough na Stamford huko Uingereza, imechongwa kauli kwamba mshairi huzaliwa, hatengenezwi. Wapenda tungo wengi huirudia kauli hiyo kana kwamba ni hekima. Ni dhulma iliyotiwa nakshi.

Clare alizaliwa mwaka 1793. Baba yake, Parker, kibarua wa kupura nafaka, alijua kusoma kidogo tu, lakini alijivunia nyimbo za masimulizi zaidi ya 100 alizozihifadhi moyoni. Hiyo haikuwa shule? Mtoto alipofika miaka 13 hivi, mfumaji mmoja alimwonyesha kitabu cha mashairi cha James Thomson. Akadunduliza, akenda kwa miguu hadi Stamford kukinunua. Huyo ndiye asemwaye kuwa hakutengenezwa!

Wanaoipenda kauli ile wana haja nayo. Kipaji kikiwa kimeshuka kutoka mbinguni, kijiji hakidai kitu, na aliyekivunja hana la kujibu. Mwaka 1809 Bunge lilipitisha sheria ya kugawa ardhi ya Helpston. Malisho yaliyotumiwa na wote yakatiwa mikononi mwa wenye mali, njia zikazibwa, miti ikaangushwa. Na Clare mwenyewe, kwa kutafuta riziki, akalipwa ujira wa kupanda nyugo zile zile zilizomfungia nje.

Yote hayo aliyatunga. Diwani yake ya kwanza, ya mwaka 1820, ilichapwa mara nne katika muda wa mwaka mmoja. Ila Lord Radstock, mfadhili wake, alichukizwa na mistari iliyoulaani utajiri, tena ndani ya shairi lenye jina la kijiji chenyewe. Akashikilia iondolewe, ikaondolewa. Mchapishaji, John Taylor, naye akawa anamnyoosha sarufi na kumpunguzia maneno ya kwao. Hao ndio waliojua vyema kwamba mshairi hutengenezwa, maana walishughulika kumtengua.

Julai 1841 Clare alitoroka hospitali ya wagonjwa wa akili katika msitu wa Epping, akatembea siku nne kuelekea kwao, akila majani ya kando ya njia kwa njaa. Kabla mwaka haujesha akafungiwa Northampton, akakaa humo hadi kufa kwake, 1864. Ndipo akarudishwa Helpston, akawekewa jiwe.